Kama ya Kumi na Moja

6 Mei

Mahindi ya kwanza yameingia leo, malori sita, yote yamelowa. Mvua iliyopaswa kuwa imekwisha bado ipo, kama mgeni aliyemaliza kula na hataki kuaga. Kazi ya ghala letu ni kukausha nafaka kabla haijashika ukungu. Tuna vihenge vinne vya bati, kila kimoja kirefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Chini yake kuna feni na moto, na sakafuni kuna parafujo ya chuma, nene kama paja, ambayo ikizunguka husukuma mahindi nje. Vyote hivyo vinaongozwa na programu ya kompyuta, na programu hiyo niliiandika mimi, miaka tisa iliyopita, mstari kwa mstari.

Leo meneja ametangaza mbele ya wapakiaji na madereva kwamba msimu huu nitaletewa msaidizi.

"Msaidizi wa nini?" nikauliza.

"Wa programu, mama. Mambo yanabadilika."

"Mambo gani? Mahindi yameanza kuota manyoya?"

Watu wakacheka. Meneja akangoja wamalize, kisha akasema msaidizi mwenyewe ni nani. Ni wifi yangu.

7 Mei

Mume wangu alijua. Wiki mbili nzima amekaa na siri hiyo kwenye meza yake ya fundi saa, katikati ya mishale na springi, akila chakula changu.

"Alinikataza nisikuambie. Alitaka ufurahi kwa ghafla."

"Basi nimefurahi. Huoni?"

Huyu wifi ni kitinda mimba wa kwao. Nilipoolewa alikuwa na miaka sita, nami ndiye niliyemsuka nywele siku ya kwanza ya shule. Sasa ana thelathini na moja na vyeti viwili, na nyumbani kwao hapasemwi jambo ila litaishia kwake. Ukisema mvua, mama mkwe atakuambia mwanawe alivyokuwa akipenda mvua. Mimi nina miaka arobaini na tisa, rafu tatu za vitabu nilivyovisoma mpaka majalada yakabanduka, na barua arobaini na moja zilizochapwa gazetini. Nimegombana na wahariri watatu na wote wakanyamaza kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mgeni wa nyumba ile jambo hata moja kati ya hayo.

9 Mei

Amefika. Amenikumbatia mbele ya watu. Amekuja ghalani na viatu vyeupe, kwenye tope hili, na jioni vilikuwa bado vyeupe.

13 Mei

Kutwa nzima tumekaa bega kwa bega tukiisoma programu yangu. Niandike hapa ilivyo, maana nikifa leo kesho watasema ilikuwa takataka.

Kihenge kina hali. Kiko tupu, au kinajazwa, au kinakausha, au kinapoa, au kinatoa. Programu huikumbuka hali hiyo kwenye kigeu, yaani kisanduku chenye jina, ambacho ndani yake unaweka neno na kulibadilisha mambo yanapobadilika. Kabla ya kufanya lolote, programu huchungulia kwanza. Kama kinakausha, usifungue. Kama feni imesimama, zima moto. Ninazo Kama za namna hiyo kumi na sita, na ndiyo sababu wapakiaji huniita Mama Kama. Kila moja ililetwa na tukio. Ya tatu ililetwa na panya aliyekata waya wa feni. Ya saba ililetwa na dereva aliyeegemea kitufe kwa kiwiko huku akisimulia habari za mpira.

Wifi alisoma kimya mpaka saa nane. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba ana kitu kwenye meno:

"Wifi, umeweka vigeu vitano. Kimoja cha tupu, ndiyo au hapana. Kimoja cha kukausha, ndiyo au hapana. Hakuna kinachozuia viwili visiwe ndiyo pamoja. Programu inaweza kuamini kihenge kimoja ni kitupu na kinakausha papo hapo."

"Haijawahi."

"Mwaka jana imewahi mara nne. Iko kwenye kumbukumbu zake. Tukiweka kigeu kimoja tu, chenye neno moja tu kwa wakati mmoja, jambo hilo halitawezekana kabisa."

Ni kweli. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana msomaji. Miaka tisa nimekuwa nikiweka walinzi kwenye nyumba ambayo ingetosha kuijenga na mlango mmoja.

Kisha akauliza, "Na hizi Kama kumi na sita, kila moja ipo kwa nini? Hukuandika sababu."

"Soma mwenyewe, wifi. Ulisomeshwa."

Alitabasamu kana kwamba nimemtania.

20 Mei

Mvua. Wapakiaji wameanza kumwita wifi Daktari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu kila akisifiwa tembo linazidi kuwa kali.

24 Mei

Chakula cha jioni, wifi yuko mezani kwetu. Mume wangu ambaye hajawahi kuniuliza kihenge ni nini anamuuliza dada yake maswali matatu mfululizo kuhusu vihenge. Mama mkwe akapiga simu. Nikaipokea mimi.

"Mwanangu yupo?"

"Yupo, mama. Yupi?"

"Huyo wangu wa akili."

Nikampa simu wifi. Mume wangu akacheka, naye ndiye wa kwanza kutukanwa. Niliosha vyombo vyote peke yangu ili nisiwe chumba kimoja nao, wifi akaja na kitambaa kuvifuta, akavifuta vizuri.

28 Mei

Siku hii inahitaji karatasi nyingi.

Wifi amemaliza programu mpya. Utaratibu wetu ni kwamba hakuna programu inayowashwa bila saini ya mtu wa pili, na mtu wa pili ni mimi. Nilikuwa nimejitayarisha. Tangu wiki iliyopita nimeandika waraka wa kurasa saba, Kama moja baada ya nyingine na kisa chake, niubandike kwenye ubao kila mtu asome. Niliandika kwamba uzuri wa programu ni kama uzuri wa barabara isiyo na matuta: dereva anaufurahia, na gharama anaijua anayevuka kwa miguu. Niliandika kwamba kizazi hiki kinapenda kufuta kwa sababu kufuta hakuhitaji kumbukumbu. Ni waraka mkali. Nimeusoma mara nne na kila mara nimejipenda.

Kisha nikaisoma programu yake, nikitafuta kosa kama mtu atafutaye sindano aliyoiangusha mwenyewe. Ni nzuri. Kigeu kimoja, hali tano, na kila hali inajua inaruhusiwa kwenda wapi. Kama zangu kumi na tano nilizikuta humo, zimehamishwa mahali panapofaa zaidi, na mbili zimeunganishwa kwa namna ambayo mimi nisingeifikiria. Ya kumi na moja sikuiona.

Ya kumi na moja inasema: kama mlango mdogo wa chini uko wazi, parafujo isiwake, hali iwe yoyote. Naelewa kwa nini ameitoa. Kwake parafujo huwaka katika hali moja tu, ya kutoa, na kihenge kikiwa tupu haina njia ya kuwaka. Isitoshe, kile kifaa cha kuutambua mlango hushikwa na vumbi kikapiga kelele za uongo. Lakini ameongeza kitu kipya, nacho ndicho anachojivunia. Mahindi mabichi huganda ukutani, kisha huanguka sakafuni baadaye. Kwa hiyo ameandika kwamba kihenge kikiwa tupu, na mizani ya sakafu ikaonyesha zaidi ya kilo mia moja kwa dakika tano, basi kuna mahindi yameanguka. Hali irudi kutoa. Parafujo iwake.

Mizani haijui mahindi na mtu. Mwaka wa pili wa kazi yangu, wakati programu yangu nayo ilikuwa bado ikiitegemea mizani, wafagiaji watatu waliingia pamoja, sakafu ikawahesabu kuwa mahindi, parafujo ikaamka, na wa nyuma akaacha humo vidole vitatu vya mguu. Ndipo nikaiandika ya kumi na moja. Wifi wakati huo alikuwa chuoni. Angejuaje? Aliniuliza, nikamwambia asome.

Nilishika kalamu. Kisha nikafikiria: nikisema sasa, atasema ahsante wifi, atarekebisha kwa mstari mmoja, na kesho programu itakuwa kamilifu, na itakuwa yake. Nikiacha, siku moja kihenge kitawaka chenyewe mlango ukiwa wazi, bila mtu ndani, kitamwaga mahindi topeni, watu watauliza kuna nini, nami nitaleta jibu. Mfagiaji wetu sasa ni mmoja tu, Fagio, mwembamba kama jina lake. Hafiki kilo mia.

Nilichomoa ukurasa wa tano wa waraka, ule wa Kama ya kumi na moja. Sita zilizobaki nikazibandika ubaoni. Kwenye programu nikaandika: Nimepitia, sina pingamizi. Nikatia saini.

30 Mei

Imewashwa. Makofi. Meneja alimpa mkono wifi kwa mikono yake miwili. Waraka wangu umesomwa na mtu mmoja, dereva, akaniuliza kama mtu akianzisha gazeti nitaandika habari za mpira.

1 Juni

Nimemuuliza Fagio ana kilo ngapi.

"Za nini, Mama Kama? Unataka kuniuza?"

"Nauliza tu."

"Hamsini na nane. Na madeni ya dunia, tani."

Hamsini na nane, na koleo la kilo tatu, na ndoo. Lakini yeye huingia kubandua yaliyoganda, na anayoyabandua huanguka sakafuni. Hilo sikulipigia hesabu siku ile nilipotia saini. Naapa sikulipigia.

3 Juni

Nimesimama kwenye mlango wa kihenge namba mbili tangu Fagio alipoingia mpaka alipotoka. Nilimwambia asirundike, kila ndoo ikijaa aitoe. Akasema, "Miaka sita nafagia, leo nimepata bosi wa ndoo."

4 Juni

Namba nne. Nimesimama.

5 Juni

Namba moja, kisha namba tatu. Mvua imenilowesha mpaka ndani. Nilikuwa na saa mkononi, na kila dakika tatu nilimpigia bati apumzike nje.

8 Juni

Watu wana midomo. Mume wangu ameniuliza wakati wa chai, bila kunitazama, huku akichokonoa saa ya mtu:

"Huyu Fagio ni nani?"

"Mfagiaji."

"Nasikia siku hizi akifagia wewe humshikia mlango."

"Nani kakuambia? Dada yako?"

"Dada yangu hasemi watu. Mke wa dereva kaniambia."

Nikacheka, na cheko lenyewe lilikuwa baya. Msimu wote huu mimi ndiye mwenye wivu nyumba hii, na sasa yeye ananigombea na mtu wa kilo hamsini na nane. Ningeweza kumwambia ukweli na kumtuliza kwa sentensi mbili. Nikamwambia Fagio ana macho mazuri.

11 Juni

Mvua siku ya nne bila kukatika. Mahindi yanaingia mabichi kama yaliyochumwa mtoni. Yanaganda ukutani unene wa kiganja. Fagio anakohoa.

12 Juni

Meneja amesema Fagio hawezi peke yake, atapewa Bonge amsaidie. Bonge ni mpakiaji, mwaka jana alipanda kwenye mizani ya malori kwa mzaha, akatoka na kilo mia na kumi na mbili, na amejisifu nazo tangu hapo. Bonge akisimama peke yake kwenye sakafu ile, bila ndoo, bila koleo, bila punje, kihenge kitamwona ni mahindi.

"Bonge hapiti mlangoni," nikasema.

"Napita!" Bonge akasema. "Nikivuta pumzi napita."

"Na ukiitoa?"

Kicheko. Wifi alicheka mpaka akashika meza. Nikamshawishi meneja angoje mpaka wiki ijayo, nikitoa sababu za uongo tano, zote zimepangwa vizuri, maana kupanga hoja ni kazi niliyoizoea. Sababu ya kweli sikuitoa. Tarehe ishirini na nane ningesema, ningekuwa mtu aliyeona kosa la mwenzake. Leo nikisema, wataniuliza saini hii ni ya nani. Na siwezi kuirudisha Kama ile kimyakimya, kwa sababu kila badiliko linataka saini mbili na ya pili ni ya wifi.

Kwa hiyo mlangoni nasimama mimi. Kama mlango uko wazi, nasimama. Nimeacha ufutwe mstari mmoja wa programu na mahali pake nimeweka mwanamke mzima mwenye mwavuli.

14 Juni



Leo kamati ya ushirika imekuja, watu kumi na wawili, kuitazama programu mpya. Tulikaa ofisini juu, wifi mbele na picha zake ukutani, mishale kutoka hali moja kwenda nyingine, kila kitu cha rangi yake. Mimi nilikaa dirishani kwa makusudi ili nionekane sisikilizi. Mwenyekiti alikuwa akisema, "Hii hata mimi naielewa," na wifi alikuwa akisema, "Basi nimefaulu," na wote walikuwa wakimpenda.

Nikageuza uso uani. Nje ya mlango mdogo wa kihenge namba tatu kulikuwa na jozi mbili za mabuti ya mpira. Ya Fagio nayafahamu, yana kiraka. Ya pili yalikuwa makubwa kama ndoo.

Meneja alikuwa amewatuma wasafishe namba tatu ili wageni wakakione. Hakuniambia. Kwa nini aniambie?

Sikujua wameingia lini. Hapo ndipo nilipojua hofu ilivyo, kwa sababu nilikuwa najua kila kitu isipokuwa hicho. Dakika moja? Nne na nusu? Kupiga simu, Fagio haingii na simu. Kupiga kelele, feni za namba mbili zilikuwa zinanguruma. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikamkanyaga mwenyekiti, nikashuka ngazi kwa namna ambayo sijui. Kule kihengeni ni hatua mia mbili. Swichi kuu ya umeme ya ghala zima iko chini ya ngazi. Nikaivuta.

Kila kitu kikafa. Feni, taa, picha za wifi ukutani. Kukawa kimya mpaka nikaisikia mvua ikipiga bati, na ndani ya namba tatu sauti ya Bonge ikisema, "Sasa giza la nini tena?"

Waliteremka wote. Meneja alikuwa wa kwanza.

"Mama, umefanya nini?"

Nilikuwa bado nimeishika swichi.

"Moto uko kwenye vihenge viwili! Mahindi ya watu yako katikati ya kukauka! Mbele ya kamati!"

Na nikaona nyusoni mwao walichokuwa wanakiamini, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa mke wa dereva aliyekuwa ameleta chai. Waliamini nimezima umeme kwa sababu siwezi kuvumilia kumwona wifi yangu akisifiwa. Mwenyekiti alilisema waziwazi: "Wivu mwingine ni ugonjwa."  Alikuwa amekosea tarehe tu; ya kweli ilikuwa ishirini na nane Mei.

15 Juni

Nimekaa nyumbani kwa amri. Mume wangu hazungumzi. Saa zote dukani kwake zinazungumza.

16 Juni

Wifi amekuja saa nne asubuhi, akanisukuma kwa upole mlangoni, akaketi, akalia. Alikuwa amekesha na kumbukumbu za kompyuta. Kihenge namba tatu, kilo mia na themanini na moja, dakika nne na sekunde ishirini na mbili. Ilibaki chini ya dakika moja.

"Nilifuta Kama yako. Wifi, niliifuta mimi kwa mikono yangu. Nilidhani haina kazi."

Nilimshika bega. Ningeweza kusema pale pale. Nikasema, "Usilie."

17 Juni

Ameliambia ghala zima. Alipanda juu ya magunia akasema kosa ni lake, peke yake, na kwamba watu wawili wako hai kwa sababu wifi yake aliona mabuti kupitia dirisha na akajua kile ambacho yeye msomi hakukijua. Walipiga makofi mengi kuliko ya tarehe thelathini. Meneja aliniomba radhi. Bonge alininyanyua juu kama gunia. Mwenyekiti amenitumia ujumbe. Mama mkwe amepiga simu na kuniita mwanangu wa akili.

Hicho ndicho nilichokitaka msimu mzima, kimeletwa mlangoni, kimefunikwa na kawa. Sikula usiku.

Na hata hapo, niandike ukweli, niliona wivu. Yeye amepanda juu ya magunia akajitwisha kosa mbele ya watu, na alipendeza. Hata kukosea ananishinda.

19 Juni

Wamekuja nyumbani kushukuru. Fagio na mkewe, Bonge, na wifi aliyewaleta. Mume wangu ametoa viti vya dukani. Mke wa Fagio, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alinishika mkono wangu wa kulia na hakuuachia.

"Mama, huyu mzee wangu alikuwa akirudi ananiambia, kuna mama pale ananisumbua, ananihesabia ndoo. Nikamwambia anakutaka. Nisamehe mwenzangu. Nilikusema vibaya mtaa mzima."

"Mtaa mzima?" akauliza mume wangu.

"Mpaka kule kisimani."

Wakacheka wote, mume wangu akacheka zaidi, na mkono wa yule mama ulikuwa wa moto. Fagio hakucheka sana. Alikuwa ananitazama.

"Lakini Mama Kama," akasema, "ulianza kunisimamia tarehe tatu. Uliniuliza kilo zangu tarehe moja. Mabuti umeyaona tarehe kumi na nne. Sasa siku zote zile ulikuwa unanilinda na nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Anafagia, anajua kufuata kitu mpaka pembeni kilikojificha.

Wifi aliacha kutabasamu kabla yangu. Nikauvuta mkono wangu polepole, nikaingia chumbani, nikatoka na ukurasa wa tano, nikampa wifi. Una tarehe juu yake. Akausoma mpaka chini, kuhusu wale wafagiaji watatu na vidole vitatu.

"Uliuandika kabla ya kutia saini," akasema.

"Kabla."

"Ukautoa."

"Nikautoa."

"Uliona nimeacha shimo, ukaniachia niwaingize watu."

"Nilidhani ni Fagio peke yake. Nilidhani kitaaibika kihenge, si mtu. Nilitaka uonekane umekosea mara moja tu. Mara moja."

Bonge alisema, "Sijaelewa." Hakuna aliyemweleza. Alielewa mwenyewe baada ya muda, nikaona mwili ule mkubwa ukijikunja kwenye kiti.

Mke wa Fagio alisimama akafuta kiganja chake kwenye nguo. Waliondoka bila kumaliza chai. Fagio alikuwa wa mwisho mlangoni na nilitaka anitukane, nimeshindana na watu wenye ndimi kali maisha yangu yote, ningejua pa kusimama. Alisema, "Haya," akatoka.

Mume wangu alivikusanya vikombe. "Kila siku mezani nilikuwa namsifu," akasema, "nikijua inakuchoma. Nilidhani ni utani."  Hilo ni lake. Langu nalijua.

22 Juni

Barua ya onyo. Nimenyang'anywa saini. Wifi ndiye aliyemwomba meneja nisifukuzwe, akasema hakuna mwingine anayejua sababu za zile Kama. Kazi yangu sasa ni kuandika kando ya kila moja kwa nini ipo, ili mtu asilazimike kumuuliza mtu kama mimi.

25 Juni

Ya kumi na moja imerudi. Ameiweka juu kabisa, kabla ya hali zote. Ananiita "mama" sasa, kama wafanyakazi wengine. "Mama, hapa fafanua." Miaka ishirini na mitano nimeitwa wifi na sikujua kwamba nalisikia jina hilo mpaka lilipokoma.

29 Juni

Jua. La kwanza tangu Mei.

2 Julai

Kuna utaratibu mpya, ameuleta wifi. Anayeingia kihengeni huzima umeme wa kihenge hicho, huchomoa ufunguo wa sanduku lake, na humpa mtu mmoja aushike mpaka atoke. Mtu huyo humchagua mwenyewe. Haamriwi na yeyote.

Leo Fagio alikuwa anaingia namba mbili. Nilikuwa nimekaa karibu na sanduku, kwenye benchi, na daftari langu la sababu, nimefika ya tisa. Wifi alikuwa mbali, upande wa pili wa ua, anazungumza na dereva. Fagio akachomoa ufunguo. Akanipita karibu kabisa, nikaona kiraka cha buti lake.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Akavuka ua wote ule kwenye tope, hatua themanini na kitu, akampa wifi ufunguo mkononi, akarudi hatua zote hizo, akavua mabuti, akainama, akaingia.

Wifi alisimama pale pale aliposimamishwa, ufunguo umefumbatwa, viatu vyake vimeingia tope mpaka juu, mpaka Fagio alipotoka. Nami nilikaa kwenye benchi nikawatazama. Nimemwonea wivu kwa mambo mengi, vyeti, kigeu kimoja, sauti ya upole, mama mkwe. Yote yale leo nilimwachia. Nilichomwonea wivu ni kile kipande cha chuma.